Kikombe cha Padre

Mbulumbulu, Karatu
Kwaresima, 1983

Kwa Baba Paroko,

Tumsifu Yesu Kristu. Sisi hapa kigangoni hatujambo, isipokuwa baridi na ibada ya sanamu. Baridi tumeizoea. Hilo la pili ndilo linalonifanya nikusumbue, kwa kuwa sanamu yenyewe iko nyumbani kwangu, na jina inalotumia ni lako.

Nazungumzia kikombe. Ni kile cheupe cha kaure, chenye maua ya waridi na sahani yake, ambacho mke wangu Cresensia hukutilia chai ukija kutubariki. Wewe unakuja mara moja kwa mwaka. Siku nyingine zote kikombe tunabaki nacho sisi, Baba, na malalamiko yangu ni haya:

1. Hakitumiki. Kinakaa peke yake kwenye kabati la kioo, juu ya kitambaa alichokifuma Cresensia. Sisi tunakunywa kwa makopo ya bati yanayotuunguza midomo. Kabati lina kufuli. Mlango wa nyumba hauna.

2. Kinaheshimiwa kuliko wewe. Watoto wakipita mbele yake wananyamaza, lakini kwenye mahubiri yako wanapigana mateke. Juzi Cresensia aliniambia nivue kofia. Niligeuka nyuma nikidhani umeingia.

3. Kimeanza kupata waumini. Ng'ombe wa jirani yetu Bernadina alipogoma kukamuliwa, Bernadina alikuja kuazima kikombe amnyweshee maji. Cresensia alimkatalia, akampa sahani. Ubaya ni kwamba ng'ombe alikamulika. Sasa watu wanauliza kama sahani inafaa na kwa mbuzi. Nilikwenda kushtaki kwa katekista wetu Patrisi. Akanisikiliza vizuri, kisha akataka kujua kama inasaidia maumivu ya mgongo.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mama yangu mzazi, Evarista, amekuja kututembelea kutoka Mang'ola. Alipanda lori la vitunguu, akafika mikono ikimtetemeka kwa baridi. Akaomba, huku anacheka, anywe chai kwa kile kikombe cha maua. Cresensia akamjibu kwa adabu zote kwamba hicho ni cha Padre. Mama akapokea kopo la bati kwa ncha ya khanga yake, akasema ahsante. Baba, kikombe kile alikinunua yeye, akatupa zawadi siku ya ndoa yetu. Niliona aibu kubwa, lakini sikufungua mdomo, maana hata mimi kikombe nakiogopa.

Mama anarudi Alhamisi lori likipita. Kwa umri wake na barabara ile, sijui kama atapanda tena huku juu. Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu ufanye kama Musa, aliyemsaga yule ndama wa dhahabu, akamtia majini, akawanywesha Waisraeli. Njoo usage kikombe, sisi tutakunywa, makopo tunayo. Ukiona ni kazi nzito, basi utangaze Jumapili kwamba Padre ana mdomo wa kawaida na bati linamtosha. Hata hilo likikushinda, niandikie kikaratasi chenye muhuri wa parokia, kwamba Evarista anaruhusiwa kunywa chai kabla ya Alhamisi. Bila muhuri Cresensia hatakubali. Naahidi kikaratasi chenyewe hatutakitundika ukutani.

Wasalimie masista wote, mpishi wako, na wanakwaya ambao hatujaelewana nao bado. Watoto wanakuamkia. Cresensia naye angekuamkia, ila hajui kama nakuandikia.

Mwanao mtiifu, asiyeinamia chochote kilichotengenezwa kwa mikono ya watu,

Josephati

Nyongeza: Barua imechelewa kwa sababu niliisahau mezani na Cresensia akaisoma. Alifungua kabati, akamtilia mama chai kwenye kikombe, na sukari yote tuliyoipangia foleni. Mama alikunywa polepole, akaomba tena, akaongezewa. Leo asubuhi ameondoka na lori. Kwa hiyo kibali hakihitajiki, na tafadhali usije kusaga kitu. Ila ukija Pasaka, Baba, utatuwia radhi, utanywa kwa kopo la bati. Kikombe nimekirudisha kabatini bila kukiosha, ufunguo ninao mimi, na hakuna mtu atakayekigusa.