Barua za Regret kwa Bilhah

Jumapili, 7 Machi 1971
Bilhah ameondoka. Mke wangu wa miaka sita! Amechukua sufuria kubwa na blanketi, ameenda kwa mama yake, kijijini Silibwet. Kisa ni kuku. Kweli, nilimchinja kuku wake akiwa bado analalia mayai, nikampikia nyapara ili anipe kazi ya kupima majani chai. Nyapara alikula mpaka akalamba vidole. Kazi akampa jirani yangu, Obiero! Mimi nilikula paja moja tu. Nyumba imenyamaza vibaya.

Jumanne, 9 Machi
Niende kwa wakwe kuomba msamaha? Mimi, Ogeto? Kwa desturi yetu mama mkwe hata usoni simtazami. Desturi nzuri sana wiki hii. Nimeazima kamusi ya Obiero, nikamdanganya kwamba nasoma Biblia ya Kiingereza. Nimepata neno: regret. Maana yake ni kujuta kwa jambo ulilotenda. Matumizi yake nayajua. Ofisi ikikunyima likizo, barua huanza na we regret, nawe unaondoka bila kelele. Neno la wakubwa! Nimeandika: Dear Bilhah, I regret the hen. Nimeshatia posta.

Jumatatu, 15 Machi
Yunia, tunayechuma naye chai, ametoka Silibwet na habari. Bilhah hasomi Kiingereza (kwani sikujua?), kwa hiyo alisomewa na mwalimu wa shule. Mwalimu alisoma kwa uchungu mpaka akina mama wakamhurumia mwalimu. Bilhah amejibu kwamba mdomo uliokula kuku ndio uje useme. Obiero alicheka akashika ukuta, kisha akanishauri nipande basi. Ushauri wa mtu aliyechukua kazi yangu! Nimeongeza nguvu: I deeply regret. Nimepiga mstari chini ya deeply.

Jumamosi, 20 Machi
Barua ya pili haijajibiwa. Uji nimeunguza tena. Usiku nanyoosha mkono upande wake, nakuta ukuta. Ninajuta. Hapa daftarini neno hilo naliandika bila shida yoyote. Kesho nakwenda.

Jumapili, 21 Machi
Nimekwenda. Mama mkwe, Mama Elmina, aliingia jikoni kwa heshima, akatuacha uani. Bilhah alikaa kwenye kigoda, akasema anasikiliza. Nyuma yake mlangoni niliona furushi lake. Limefungwa tayari! Lilikuwa likinisubiri mimi.

Neno moja tu la nyumbani lilitakiwa, lile ambalo hata mtoto hulisema akimwaga maziwa. Lilifika kooni, likakataa. Nikatoa karatasi mfukoni, nikasimama wima, nikasoma: I most deeply regret. Bilhah akaniomba, kwa sauti ya chini, nimwambie hilo kwa lugha yetu. Nikamjibu kwamba kwa Kiingereza ndipo linapokamilika.

Aliinuka kigodani. Kisha akaingia ndani, nikamsikia akifungua furushi na kupanga nguo zake. Nilirudi na basi la saa tisa. Mjinga mimi! Nililia mpaka stendi ya Kericho, nikasingizia vumbi.

Jumatatu, 22 Machi
Sikulala. Lakini kosa nimeliona, na ni kubwa: regret ni neno dogo mno kwa jambo hili. Nimeazima kamusi tena. Kurasa chache mbele kuna remorse, majuto yanayotafuna moyo. Uzito wake! Obiero mwenyewe hajui kulitamka. Barua inaondoka kesho asubuhi.