Wasomaji Mia Mbili Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 4 Mei

Leo historia imeanza. Bosi ametangaza kwamba duka letu la miwani litakuwa na jarida la barua pepe kila wiki. Mwandishi ni mmoja tu: ama mimi, ama Dada wa Mapokezi. Kila mtu aandike lake, akusanye wasomaji, na Jumamosi saa sita mchana mwenye wengi ndiye atapewa jarida la duka. Jina lake na picha yake vitakaa juu kabisa.

Picha! Miaka tisa niko chumba cha nyuma, nasaga vioo na kukaza skrubu. Mteja akianza kuona vizuri anamshukuru Dada wa Mapokezi, eti kwa kuwa ndiye aliyemkabidhi kikasha. Mimi hata hawajui kama nipo. Inauma, nakiri.

Langu nimeliita Jicho la Fundi. Toleo la kwanza tayari: maisha ya skrubu ndogo ya mkono wa miwani, kurasa saba. Wasomaji mpaka sasa watatu: mimi, mama watoto, na mama yangu mzazi, ambaye hakuwa na barua pepe, nikamfungulia. Lengo ni mia mbili. Sioni ugumu wowote.

Jumanne, 5 Mei

Akili ni nywele, na zangu zimejaa, ingawa kichwani zilishahama. Mbinu ni hii: mteja akija kurekebishiwa miwani, natoka mwenyewe, naivua usoni pake kwa upole, namsogezea fomu na kalamu, namwomba aandike anwani yake wakati naishughulikia. Fomu inasema nini, haoni. Asichokiona atakikataaje? Anaandika!

Mpaka jioni, arobaini na sita. Dada wa Mapokezi yeye anawauliza watu kama wangependa kusoma jarida lake, kisha anasubiri wajibu. Amepata wanane. Nilimhurumia, nikamshauri aongeze bidii. Akanishukuru. Maskini!

Jumatano, 6 Mei

Nimetuma toleo kwa wote arobaini na sita. Barua arobaini na moja zimerudi.

Nikazikagua fomu. Kumbe mtu asiye na miwani haoni mstari pia! Mmoja kaandika anwani yake juu ya anwani ya mwenzake. Mwingine kaanza vizuri, akapinda, nusu ya anwani iko mezani. Mzee mmoja kaandika safi kabisa, kwa herufi kubwa, kwenye kitambaa changu cha kufutia vioo, nami nimeshakifua.

Waliopata ni watano. Wanne wameomba waondolewe, na wa tano ameuliza miwani yake iko tayari lini.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimekumbuka daftari la miadi.

Alhamisi, 7 Mei

Dada wa Mapokezi alipokwenda kula, nilinakili anwani zote za wateja. Mia tatu na kumi na mbili! Nikatuma kwa mpigo mmoja, anwani zote zikionekana, tena kwa makusudi. Mtu akijiona katikati ya umati anajua jambo hili ni kubwa.

Saa nane mteja mmoja akajibu aondolewe. Jibu likawafikia wote. Wa pili akamjibu kwamba asimsumbue, yeye siye mwenye jarida. Wa tatu akawaambia hao wawili wanyamaze, na kila alipowaambia wanyamaze jibu lake tulilisoma sote. Fundi seremala akaona pamechangamka, akatangaza makabati. Kapata wateja wawili, sijui kwa nini mimi sikupata. Kina mama wawili wakagundua walisoma darasa moja, wakaulizana habari za watoto kwa barua kumi na nne. Simu ya duka haikunyamaza mpaka tunafunga.

Naomba nitajiwe jarida jingine lililozua mjadala namna hii kwa siku moja.

Ijumaa, 8 Mei

Bosi aliniita ofisini. Maneno yake hayafai kuandikwa na mtu mstaarabu. Kwa kifupi: anwani zile ni za duka, wenyewe hawakuniruhusu, hazihesabiwi, na nimwombe radhi kila mteja kwa barua yake. Mia tatu na kumi na mbili.

Dada wa Mapokezi alinisaidia nusu nzima bila kuombwa. Chini ya zile zake aliongeza sentensi moja: anayependa habari fupi za duka ajiandikishe kwake, asiyependa asijali. Asijali! Hila gani hizi?

Jumamosi, 9 Mei

Saa sita. Dada wa Mapokezi: mia moja thelathini na nne. Mimi: wawili, na mmoja ni mimi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Jina la kwanza kwenye orodha yake ni mama watoto! Nilipompigia akasema habari za skrubu anazisikia kila siku mezani, haoni haja ya kuzisoma tena. Jina la pili ni mama mzazi. Kumbe barua pepe anaijua vizuri sana.

Nikarudi chumba cha nyuma, nikakaza skrubu ambayo haikulegea. Nililia kidogo. Nilipomaliza nikasema ni vumbi la vioo, ingawa hakuna aliyeuliza.

Jumapili, 10 Mei

Barua! Yule msomaji wangu wa pili, aliyejiandikisha mwenyewe baada ya barua ya radhi, ni mwalimu mstaafu. Anasema skrubu ilimchekesha mpaka akamsomea mumewe. Anasema miaka yote alidhani miwani yake inatengenezwa na yule dada wa pale mbele. Sasa anamjua fundi wake, na anamshukuru. Anauliza toleo la pili linatoka lini.

Nimeisoma mara tisa. Mtu ameniona! Mama watoto naye akaisoma, akasema msomaji mmoja aliyekuja kwa miguu yake anatosha kuanzia, nimwandikie huyo huyo, taratibu.

Ushauri mzuri. Ila mwisho wa barua mwalimu anataja kwamba amefundisha miaka thelathini na miwili, na daftari lenye anwani za wanafunzi wake wote haliachi, liko mkobani kila aendapo. Kesho saa nne anakuja kurekebishiwa miwani.

Fomu mpya nimeshazichapa. Safari hii mistari ni minene, hata asiye na miwani ataiona. Ya kwake nitamvua mwenyewe, kwa upole.