Kahawa, Magadi na Filamu ya Marehemu Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nikamwambia hata mwenyewe nimechoka, lakini siondoki kabla ya filamu. Hakuelewa. Marehemu mke wangu aliacha filamu moja ya picha kwenye kamera yake, ya mwezi wake wa mwisho, haijasafishwa. Kila nilipomuuliza amepiga nini, alicheka mpaka akakohoa. Nataka kuona. Basi! Mengine yote nimeshayaona.

Tatizo ni shemeji yangu, kaka yake marehemu, mfamasia mstaafu. Naye anaitaka. Anadai dada yake alimpiga picha yeye, kwa kuwa ndiye pekee mwenye sura katika ukoo. Binti yangu, kachoshwa na kelele zetu, ametoa hukumu: Jumapili kila mmoja alete dawa ya kusafishia filamu aliyoichanganya mwenyewe. Tutakata ule ulimi wa mwanzo wa filamu, unaochungulia nje ya mkebe wake na umekwisha kuungua na mwanga. Dawa itakayougeuza mweusi ndiyo itakayosafisha, na filamu itakuwa ya mwenye dawa.

Nimekubali kwa unyenyekevu. Nimeshashinda!

Jumanne, 4 Machi
Mfamasia kaja na dawa yake. Kemikali kapewa na rafiki yake wa maabara. Chupa nyeupe, nusu tupu, dawa imetulia safi kama maji. Alinionyesha kama mtu anayeonyesha mjukuu.

Mimi nimefundisha kemia maisha yangu yote. Najua adui wa dawa hii ni hewa: ikiingia, nguvu inakwisha. Je, nilimwambia? Sikumwambia. Natubu hapa, maana siku zangu ni chache. Nilimwomba aifungue ninuse. Nikasifu. Nikamwomba aitikise nione inavyong'aa. Akatikisa! Nikamwambia, shemeji, mikono yako ni dhahabu, kesho njoo nayo tena.

Jumatano, 5 Machi
Dawa yangu: kahawa ya kopo, magadi ya kufulia na vitamini C. Vitamini ni zile alizoniandikia daktari, vidonge vikubwa vinavyofoka povu kwenye maji. Binti yangu kaona mrija mtupu wa vidonge, akafurahi kwamba hatimaye namsikiliza daktari. Akanibusu kwenye paji la uso. Niliona aibu. Kidogo.

Harufu ni ya soksi zilizochemshwa. Nikadondosha tone kwenye kipande cha filamu ya zamani. Nyeusi kama masizi! Nilitaka kuruka, goti likakataa.

Nimejaza chupa mpaka mdomoni, hewa isipate pa kukaa. Povu lilikuwa bado linapanda, nikalirudisha ndani kwa kidole gumba na kukaza kizibo. Nimeificha kabatini, nyuma ya suti niliyojiwekea ya kuzikiwa. Mfamasia akafika saa ya chai. Nikasifu. Akafungua. Akatikisa.

Ijumaa, 7 Machi
Kabati limelipuka.

Binti yangu alikuja mbio, akakuta kimiminika cheusi kinachuruzika kutoka kabatini, akapiga yowe. Nikamwita kutoka kitandani kumjulisha kwamba bado nipo. Akauliza ni nini hiki. Nikamjibu ni kahawa, na sikusema uongo. Akasema, Baba, kahawa gani inang'oa bawaba? Hoja nzuri. Akili hiyo kairithi kwangu.

Suti ina madoa kila mahali. Dobi kaitazama, akaniuliza kama aliyeivaa alipona. Nitazikwa na madoa.

Vitamini zimekwisha. Nimekwenda kukohoa mbele ya daktari, kwa ustadi mkubwa mno. Kaniandikia mrija mwingine, na sindano. Sindano sikuiomba.

Jumapili, 9 Machi
USHINDI!

Nilichanganya upya asubuhi hii, maana sikuwa na namna. Visahani viwili mezani. Nusu ya ulimi kwake, nusu kwangu. Kipande changu kilikuwa cheusi tii kabla shemeji hajapata miwani yake. Cha kwake, ndani ya dawa iliyogeuka rangi ya chai, kiligeuka kijivu na kugoma hapo hapo. Alikilalamikia, eti juzi tu dawa ilikuwa hai! Nikampa pole. Nikamwambia ndivyo tunavyokwenda sote.

Mikono yangu inatetemeka, hivyo binti yangu ndiye aliyeingia bafuni gizani kuviringisha filamu ndani ya tangi. Sisi tukabaki mlangoni. Mimi: taratibu! Mfamasia: shika ukingoni, ukingoni! Sauti ikatoka gizani: Baba, Mjomba, mkisema neno jingine nafungua mlango, tuikose wote. Tukanyamaza. Hatujawahi kunyamaza pamoja tangu nilipomwoa dada yake.

Filamu imekwisha kusafishwa, inaning'inia kwenye kamba ya nguo. Haikubaki tupu. Kuna kitu!

Jumatatu, 10 Machi
Binti yangu kaipiga picha kwa simu na kugeuza nyeusi kuwa nyeupe. Zote ni zangu! Zote! Mfamasia hayumo, hata kiwiko.

Ni mimi kitini, macho nimefumba, mdomo wazi. Katika ya kwanza nina kijiko nyuma ya sikio. Katika nyingine nimevishwa kofia ya mke wangu ya kulalia. Katika nyingine kitunguu kimekaa juu ya upara wangu, tena kimetulia vizuri. Mfamasia alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akalia, nikampa leso yangu. Katika ya mwisho, kivuli cha mke wangu kimeniangukia kifuani. Kamera mkononi, mabega yamejikunja, kama mtu anayezuia kicheko asiamshe mtu.

Nimeitazama sana hiyo.

Binti yangu anasema, Baba, sasa ushahidi upo, miaka yote Mama alisema unalala kitini ukabisha. Nimemweleza kwa utulivu kwamba sikuwa nimelala. Nilikuwa nafikiri.

Daktari akija nitamwambia naweza kuondoka sasa, ila sina haraka. Nataka zichapwe kubwa, zijae ukuta. Dawa nimeshachanganya, chupa kubwa kuliko ile, imejaa mpaka mdomoni, kizibo nimekikaza kwa koleo. Nimeiweka chini ya kitanda, upande wa kichwani, niwe karibu nayo. Lile la Ijumaa lilikuwa kosa la kabati. Lilikuwa linabana mno.