Themista Chini ya Blanketi la Bibi

Jumamosi, 22 Novemba
Bibi kachemsha soya za cheonggukjang, ile supu ya Kikorea ya soya zilizochacha, yenye harufu kali, kazitia kikapuni na kuzifunika blanketi ili zipate kuchacha pale sakafu yetu, inayopashwa moto kwa chini, inapopata moto zaidi. Kasema ni za mwisho. Tangu augue, mkono wake wa kulia hauhisi joto wala baridi, atajuaje kama soya zina joto la kutosha? Alisema akicheka. Mimi sikucheka. Nina mpango! Themista: kidude kidogo kama punje ya mchele, joto likibadilika nacho kinabadilika. Nyaya, saketi, kioo cha namba. Bibi hataacha!

Jumapili, 23 Novemba
Aibu. Soya zinataka nyuzi 40 hivi, na kioo kinasema 39, 44, 37, 42. Namba zinaruka kama bisi. Nikampigia Ra-on wa klabu ya sayansi, baada ya kufanya mazoezi ya kusema haloo. Kasema nyaya zangu ndefu mno zinadaka kelele za umeme. Nizifupishe, niongeze kapasita ya kutuliza umeme, nichukue wastani wa vipimo vingi. Kisha kauliza kama darasani huwa nasinzia.

Bibi kaitazama saketi kwa huruma. Eti, maskini, inatetemeka, ina baridi. Kaifunika kwa skafu yangu. Ikapata joto, namba zikawa na wazimu.

Jumatatu, 24 Novemba
Nyaya fupi. Kapasita. Wastani. Bibi kaapa hatagusa kitu. Narudi kutoka shuleni: 34.6. Nanywa maji, nasubiri: 34.6! Nikampigia Ra-on bila mazoezi. Kauliza soya zinazochacha zinakuwaje baridi hivyo. Wivu mtupu!

Kisha nikachungulia. Bibi kasinzia kando ya kikapu, themista kaifumbata kiganjani. Alipoamka kajitetea kwamba hakuigusa, aliibembeleza tu.

Nikamwambia kwa unyonge kwamba muda wote huo nimepima mkono wake wa kulia, si soya. Kakitazama kioo. Huu huu? Huu mfu? Nikasema huo huo, Bibi, una moto. Kauweka shavuni mwangu, kauliza kama na mimi naona joto. Niliona.

Nikairudisha themista kwenye soya. 41. Imetulia.

Jumanne, 25 Novemba
Supu ya cheonggukjang! Jirani kafunga madirisha yote. Bibi kasema ataloweka soya nyingine wiki ijayo: mkono bado mzima, na mjukuu yupo wa kumsomea namba.

Ra-on kasema nimepata somo: nyaya fupi, na Bibi awe mbali. Nimemwelewa kabisa. Mpango mpya: themista kwenye kila chungu cha kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha, kule uani, nyaya zipite dirishani hadi mezani kwangu. Msimamizi ni Bibi. Ameshaanza kuzishonea vijiblanketi.