Kijani Kidogo Kwenye Mlango wa Nyuma

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daftari, nisamehe. Mara ya mwisho nilipokuandikia, mtoto alikuwa hajaota jino. Leo ana manne, na yote yameotea begani kwangu. Sina la kujitetea. Nilikuwa nimechoka, na nisipochoka nilikuwa nafua.

Ila leo lazima niandike. Nina mpango.

Kaka kapiga simu kutoka ng'ambo, anakoendesha malori. Likizo kapata, mwezi mzima! Lakini tiketi lazima akate kabla Jumamosi hii haijaisha, na hakati mpaka Baba amwite kwa mdomo wake mwenyewe. Asipoitwa, likizo nyingine ni baada ya miaka miwili. Baba siku hizi anapanda ngazi tatu, anapumzika, anasingizia viatu. Miaka miwili ni mingi.

Hawajaongea miaka tisa. Salamu napeleka mimi, huku na huku, na kila salamu naitia sukari. Baba akiguna, namwambia Kaka kuwa Baba anamkumbuka sana.

Chanzo ni gari. Baba alikuwa mwalimu wa udereva. Nusu ya mji imejifunzia kwenye gari lake la rangi ya maziwa, lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake. Miaka ishirini na saba bila mkwaruzo. Siku moja akalikuta uani, mlango wa nyuma kushoto umebonyea. Akasema ni Kaka. Kaka akakana. Baba akasema gari atalisamehe, uongo hapana.

Kaka hakusema uongo. Nilikuwa mimi.

Sijawahi kuliandika hilo popote. Hata mtoto anavuta kalamu.

Sasa mpango. Juu ya kabati nina vigari sita nilivyotengeneza kwa mkono, na boksi la saba la vipande vya kuunganisha sijalifungua: gari la aina ile ile ya Baba, limepunguzwa mara ishirini na nne. Nitatengeneza gari la Baba lenyewe, na mlango wake uliobonyea. Nitasema limetoka kwa Kaka. Baba ataona mwanawe hatimaye kakiri, moyo utalainika, atampigia. Kaka atakuwa kaomba radhi bila kujua kama kaomba. Wote watapona, na mimi nitabaki mtoto mwema.

Sioni kasoro.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mtoto kalala dakika arobaini na tano. Nimekata vipande, nimepiga msasa, nimeunga bodi. Gundi imeshika bodi, kidole changu kimoja na shati la mtoto.

Breki ya pili haimo kwenye boksi. Nimeichonga kwa njiti ya kiberiti. Imevunjika mara nne. Ya tano imekaa. Machozi yamenilenga. Labda ni gundi.

Alasiri nimekwenda kwa fundi wa kupuliza magari rangi, yule aliyenyoosha mlango wa Baba zamani zile. Rangi bado anaikumbuka. Kanichanganyia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Kauliza nataka ing'ae kiasi gani. Nikasema ising'ae kabisa, nataka gari lionekane limechoka, lina vumbi, kutu ukingoni, mlango umebonyea. Kakiweka kichupa chini. "Dada yangu, mimi tangu ujana wangu nafuta mikwaruzo. Wewe unaichora? Unanitafuta ugomvi?" Kaongeza kwamba isitoshe ni midoli. Nikamwambia midoli haina kutu. Tumeagana kwa heshima ndogo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kubonyeza mlango ni rahisi. Unapasha kijiko moto, unagusa plastiki, unaondoa. Nimegusa. Mtoto kalia. Nimegeuka kumtazama. Niliporudi, mlango ulikuwa na dirisha la pili.

Nimeziba kwa kipande cha kifuniko cha siagi. Nimebonyeza kwa kidole gumba. Umekaa vizuri kuliko mpango wangu. Sitamwambia mtu.

Gurudumu moja halionekani. Nimepekua godoro, ndoo, mfuko wa nepi. Jioni limepatikana ndani ya kiatu cha mume wangu, aliyelikanyaga siku nzima kazini akidhani ni kokoto. Anauliza kama ana haki ya kulalamika. Nimemwambia alalamike kesho.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Vumbi: udongo mkavu wa uani na poda ya mtoto, vimechujwa kwa chujio la chai. Mume wangu kaliona chujio. Kaamua kunywa maji.

Kutu: rangi ya kahawia, kwa ncha ya sponji.

Halafu nimelala sakafuni, macho usawa na magurudumu, nikafumba jicho moja. Hakikuwa kigari tena. Lilikuwa lile lile, uani, saa nane mchana, na mimi nina miaka kumi na saba nimeshika funguo.

Nimekaa pale muda mrefu. Mtoto kanipanda mgongoni na sikumshusha.

Lakini mlango una kasoro. Mkwaruzo ni mkavu. Chuma kikikwaruzwa huondoka na rangi ya kile kilichokikwaruza. Siku ile palikuwa na mstari wa kijani, mwembamba kama uzi. Niliufuta kwa mafuta ya taa kabla Baba hajaamka. Hakuna aliyewahi kuuona ila mimi.

Bila kijani si gari la Baba. Kazi yangu ina heshima yake. Nani atauona?

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Asubuhi nimetia kijani kwa ncha ya sindano. Pumzi nimeizuia. Kamili! Saa nne nimempelekea Baba: zawadi, Kaka kakutengenezea kwa mikono yake.

Baba kavaa miwani. Kitu cha kwanza alichotafuta kilikuwa breki ya pili. Kaipata. Midomo ilicheza. Nikajua nimeshinda.

Halafu kapitisha kidole gumba mlangoni. Kauliza Kaka kakitengeneza lini. Nikasema mwezi uliopita, kimekaa posta wiki tatu. Baba kakiinua kidole. Kijani, bado kibichi.

"Rangi za huko zina subira," kasema.

Kakisogeza kidole karibu na miwani. Kasema kijani hiki mji mzima kiko kwenye geti moja tu, la chuo cha ushonaji. Kauliza kama Kaka aliwahi kusomea ushonaji.

Nikamwambia yote. Ilikuwa siku ya mtihani wangu pale chuoni, nimechelewa, yeye amelala. Kauliza nilikwenda na gia ipi. Nikasema ya kwanza. Kwenda na kurudi? Kwenda na kurudi. Kafumba macho. Nadhani hilo limemuuma zaidi.

Halafu kasema polepole, "Nilimwita mwanangu mwongo mbele yako, na wewe ulikuwa unakula." Ni kweli nilikuwa nakula.

Kaomba simu. "Mimi. Mimi baba yako. Umekula?" Kaihamishia simu sikio la pili. "Lile gari hukuwa wewe. Nimejua leo. Njoo nyumbani." Akageukia ukuta, mabega yakitikisika. Nimembeba mtoto nikatoka nje.

Jina langu hakulitaja. Kasema hilo nitaliandika mwenyewe, kwa mkono wangu, kabla Kaka hajafika.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Kaka kakata tiketi! Anafika baada ya wiki sita. Kaandika kwamba Baba kasema kuna mtu atakayemwomba radhi, je, ni yule fundi? Nimemjibu kwamba fundi ni mtu mzuri. Ambalo ni kweli.

Nimeanza mara tatu: Kaka, nina jambo. Lakini jambo zito halifai kuandikwa hivi hivi. Mtu lazima alainishwe kwanza. Nitamtengenezea lori lake, na trela, kila kitu! Akilipokea na kulishangaa, hapo hapo nitamwambia.

Kwa hiyo nimemwandikia: Kaka, furaha yangu haisemeki. Nitumie boksi la lori kama lako, trela liwe ndani. Rangi nyeusi isiyong'aa, vichupa viwili. Ya fedha, kimoja. Gundi ile yenye brashi kwenye kifuniko, mbili, maana moja itamwagika. Msasa laini kuliko wa mwaka juzi. Kibano chenye ncha iliyopinda. Picha za lori lako pande zote nne, na ya chini ukiweza. Usije navyo mkononi. Vitume kwa posta, Jumatatu hii, vitangulie.