Fahali wa Tumbo la Nyanjige

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mtu Bariadi alikuwa akiuza kitu, na asiyekuwa na kitu aliuza maneno. Joakim alikuwa wa kundi la pili. Alitoka Mwanza na baiskeli, koti jeupe la mtumba, na redio mbovu aliyoichomekea taa ndogo na nyaya mbili. Redio hiyo aliiita mashine ya Kijapani. Wajapani wenyewe hawakuwa na habari.

Siku ya gulio alikuwa anakunywa uji, akamsikia mama mmoja akimlalamikia muuza uji. Mama huyo alikuwa Nyanjige, mjane wa kijiji cha Mwamapalala. Tangu apasuliwe uvimbe hospitali, miaka kadhaa sasa, tumbo linamkata mchana na usiku. Akirudi hospitali anaambiwa ni gesi. Mawifi zake wanasema ni uvivu, anakwepa kuchuma pamba.

"Nitakufa, dada," akasema, "na ng'ombe wangu wote sijui nitamwachia nani."

Mambo ya tumbo Joakim aliyasikia kwa sikio moja. Neno ng'ombe alilisikia kwa yote mawili.

"Mwadila, mayu," akaamkia kwa Kisukuma cha kuokoteza. "Samahani kwa kuingilia. Ulipasuliwa na madaktari?"

"Ndiyo, baba."

"Basi wamekusahaulia kitu humo ndani. Mkasi, kitambaa, chochote. Mimi nimewahi kutoa glavu, tena ya mkono wa kushoto."

Akapitisha nyaya tumboni. Taa ikawaka, kwa kuwa dole gumba lake lilikuwa kwenye swichi. Watu wakasema "Yesu na Maria!" Joakim akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu.

"Kipo. Ninakitoa bila kisu. Malipo, fahali mmoja."

Nyanjige akamtazama kidogo. "Fahali yupo, mweusi, amenenepa. Ila kwetu mfumu, yaani mganga, hupewa jogoo wa kufungulia kazi. Ng'ombe hutoka mgonjwa akishapona. Na utanitibu kwangu, wazee wakiona."

Desturi hiyo Joakim hakuijua. Alikozoea yeye, watu walilipa kwanza wakafa baadaye. Lakini fahali mnono hakataliwi, na watazamaji ni tangazo la bure. Akakubali.

Wazee walikuja kweli. Alikuwapo Luhaga, mtemi wa sungusungu, walinzi wa kijiji, mtu asiyejua kucheka, na mama Felisita wa jumuiya ya kanisani. Joakim alimchinja jogoo nyuma ya nyumba, akisema ni dawa, akalowesha damu yake kwenye kitambaa cha hospitali alichokuwa nacho. Kisha akaweka pembe ya kuumikia juu ya kovu, akanyonya, akaguna, akatetemeka mwili mzima. Pembe ilipoinuka, kitambaa kikaonekana juu ya tumbo, kinachuruzika damu. Vigelegele!

"Hakuna kingine kilichobaki?" akauliza Luhaga.

Hapo ndipo mdomo ulipomponza. Angenyamaza tu, jamani!

"Tumbo hili sasa ni safi kama kikombe cha padre!" akatangaza. "Kikibaki hata kiuzi, nidaiwe mimi!"

"Wabeja, baba," akashukuru Nyanjige, akakifunga kitambaa kwenye pindo la khanga yake. Joakim akaenda zake Mwanhuzi kutafuta matumbo mengine, akimngojea fahali wake.

Kesho yake Nyanjige alikuwa hospitali, safari hii na Luhaga na Felisita.

"Mama, si tulishakuambia ni ge..." akaanza daktari.

Luhaga akaweka kitambaa mezani. "Hiki ni cha kwenu. Kimetoka tumboni mwake, nimeona kwa macho yangu haya. Tunataka mtazame kama hakikuacha ndugu."

Daktari alikitambua kitambaa kuwa ni cha upasuaji. Hakusema gesi tena. Wakampiga picha, wakampasua upya, na kweli, chini ya matumbo wakakuta kitambaa kingine, cheusi, kimejikunja, kinaoza. Kingekaa kidogo tu, Nyanjige angezikwa na gesi yake. Daktari aliomba radhi mbele ya wazee. Nyanjige alilia kwa furaha: miaka yote ile hakuwa mwongo.

Habari kwamba mama amepona zilifika Mwanhuzi. Joakim akanunua kamba mpya, akapanda baiskeli. Alimkuta Nyanjige amenawiri, anapepeta mtama.

"Mayu, umepona?"

"Nimepona kabisa."

"Basi fahali wangu!"

Badala ya fahali akatoka Luhaga na sungusungu wenzake, pinde mabegani. Mkononi alishika chupa, na ndani yake kitambaa cheusi.

"Hiki kimetolewa hospitali, baada ya wewe kusema tumbo ni safi. Tueleze. Labda wewe ni tapeli, na kile cha kwanza ulikuja nacho mwenyewe. Dawa ya matapeli tunaijua."

Joakim akazitazama pinde. "Mimi ni mganga wa kweli!" akasema haraka.

"Basi ni mganga mzembe. Umesahau kitambaa ndani ya mgonjwa! Ulisema udaiwe, na faini ni mtamba mmoja. Huna mtamba? Hiyo baiskeli inatosha."

Joakim, aliyekuwa akiwasema madaktari wilaya nzima kwa usahaulifu, akakiri mbele ya watu kwamba amesahau. Baiskeli ikaingizwa ndani, na mashine ya Kijapani juu yake.

Nyanjige akamsindikiza hadi nje ya boma. Walipokuwa peke yao akasema kwa sauti ya chini, "Kitambaa chako nilikiona kikitoka kwenye mkono wa koti, baba. Tena kilinuka jogoo wangu."

Joakim akamgeukia. "Ulijua? Mbona hukupiga kelele?"

"Miaka yote nimepiga kelele peke yangu, wakanipa vidonge vya gesi. Nilikuwa nakosa kitu cha kuwaonyesha." Akampa kiazi cha njiani. "Nenda salama. Kwa mguu ni mbali."