Mafuta Mapya ya Tinga ya Kanisa

Jumatatu, 11 Aprili 2016

Ishmael amenipa ufunguo wa tinga! Mimi! Si Bundi.

Ishmael ndiye mtunzaji wa uwanja wa kanisa. Ameenda Siakago kwa dada yake na hatarudi wiki hii. Jumamosi ni harusi ya dada yangu Felicitas na karamu itakuwa pale uwanjani. Mvua imefanya nyasi zifike magotini. Kwa hivyo kazi ni moja: nyasi ziwe zimekatwa kufikia Ijumaa. Tinga ni ile trekta ndogo ya kukata nyasi, unaketi juu kama chifu. Wageni wa ng'ambo waliiachia kanisa. Hapa Githongo nzima hakuna nyingine.

Felicitas ameniambia gauni lake ni refu na ni jeupe. Akitoka pale na hata kupe mmoja, nisimwite dada tena.

Binamu yangu Bundi anasema mimi hata kuku naogopa kuwasalimia, nitaendesha nini. Uongo. Kuku siogopi. Naogopa watu.

Sasa ukweli, kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Kaari ni mmoja wa wasichana watakaomsindikiza Felicitas. Kila jioni wanafanya mazoezi ya kucheza hapo uwanjani. Tangu darasa la sita nimemwambia Kaari maneno matatu kwa jumla: "Samahani. Siyo mimi."

Jumanne, 12 Aprili

Nimekata mstari mmoja. Safi kabisa! Tinga inatembea, inageuka, inatii. Kaari alikuwa anatazama.

Halafu Bundi akafika. Akasema kwa sauti kwamba kuketi kwenye kiti hata gunia la viazi linaweza. Kaari akacheka. Haikuwa lazima acheke muda wote huo.

Nikazima injini. Nimefikiria sana. Dereva ni mtu bure. Wanaoheshimiwa ni mafundi. Na ukisikiliza vizuri, tinga ikipanda ule mteremko inalia kidogo. Wiii. Nimetafuta kwenye simu. Kumbe tinga ya aina hii haina gia, ni mafuta ndiyo yanasukuma magurudumu. Mafuta yakizeeka, inalia. Kuna mzungu kwenye video anayabadilisha huku akipiga mbinja. Kazi ya kupiga mbinja!

Nyasi zinaweza kungoja. Kuna muda.

Nikaenda petroli stesheni. Muuzaji akauliza mafuta ni ya nini. Nyuma yangu alikuwa mamake Kaari. Aibu ikanishika, nikasema ya pikipiki. Akauliza pikipiki gani. Nikasema kubwa. Mamake Kaari akataka kujua ya nani. Nikasema ya Padre.

Sijui kwa nini nilisema Padre.

Jumatano, 13 Aprili

Siku mbaya. Nitaandika yote.

Niliinua tinga nyuma kwa mawe. Nikaweka karai chini, nikafungua bolti. Mafuta yakatoka meusi tititi. Kabla sijafunga, Shosho Ciakuthii, bibi kizee jirani wa kanisa, alikuwa amesimama juu yangu na mkebe na brashi iliyochakaa. Huyu mama ananusa oili chafu kutoka ng'ambo ya mto. Akauliza kama ina mwenyewe. Amejenga zizi jipya, nguzo ni mbichi na mchwa wameshapiga kambi; ukizipaka oili chafu wanakimbia. Nilitaka kusema angoje kwanza. Nikasema, "Sawa, Shosho." Akanibariki, akamimina, akaenda.

Nikatia mafuta mapya. Nikarudi kwa video. Mzungu akavuta kichuma chekundu kilicho nyuma, akageuka, akasema kwamba sasa jambo la muhimu kabisa ni…

Bando ikaisha.

Nikavuta kichuma. Kilichobaki najua: wazungu huishia kushukuru na kuomba watu wapende video. Nikashusha tinga, nikawasha. Injini ikanguruma. Nikakanyaga pedali.

Hakuna. Nikakanyaga tena. Nikasali. Hakuna!

Nyumbani Mama alikuwa ameshika karai akilinusa. Akaniuliza kama nilijua hilo ndilo karai la kukandia chapati za harusi. Nilijua. Nikasema sikujua.

Zimebaki siku tatu Jumamosi ifike na sijakata hata robo.

Alhamisi, 14 Aprili

Kosa ni la mafuta mapya. Tinga imezoea yale ya zamani. Nikaenda kwa Shosho kuyaomba.

Nguzo za zizi zilikuwa zinang'aa kutoka chini hadi juu. Zote. Mkebe mtupu. Nikamweleza kwa adabu kwamba yanahitajika tena. Shosho akauliza: "Kijana wangu, utayakwangua ama utayalamba?"

Jioni, ugunduzi! Niliachilia breki na tinga ikaanza kushuka mteremko yenyewe. Yaani inatembea! Kuteremka inakubali, ni kupanda tu inakataa. Kwa hivyo mafuta yamefanya kazi nusu. Mpango mpya: nakata nikishuka, nasukuma nikipanda.

Wasichana walikuwa mazoezini. Nilikuwa nimevaa shati langu jeupe la harusi. (Kaari. Sitaeleza zaidi.) Nikashuka. Upepo masikioni! Visu vinakata! Kaari akageuka, akatazama. Nikainua mkono kumsalimia, kitu ambacho sijawahi kufanya maishani.

Nilipokanyaga breki, magurudumu yalisimama lakini tinga haikusimama. Nyasi zilikuwa na maji. Nikapita katikati ya wasichana, nikapita kwenye nepia ya Shosho, yale majani marefu ya ng'ombe, nikakumbatia nguzo ya zizi.

Injini ikazimika. Ng'ombe wa Shosho alinitazama huku akitafuna, hata hakusimama.

Shati sasa lina mstari mweusi kutoka kidevuni hadi kitovuni. Mafuta niliyotoa kwa mkono wangu mwenyewe. Shosho alitoka akaangalia nguzo kwanza, halafu mimi. Akasema nimempunguzia oili.

Ijumaa, 15 Aprili

Usiku imenyesha. Naapa nyasi zimeongezeka.

Felicitas alipita na gauni kutoka kwa fundi wa nguo. Nilitegemea kelele. Kelele nimezizoea. Akaangalia uwanja, akaangalia tinga iliyojaa majani ya nepia, akaketi kwenye ngazi za kanisa, gauni magotini ndani ya mfuko wake wa nailoni. Akalia. Polepole. Akasema tu kwamba wakwe wanakuja kesho na watasema kwetu ni msituni.

Nikasema, "Samahani." Nikafungua mdomo kuongeza "siyo mimi". Nikaufunga.

Hapo Bundi akafika, akatoa simu. Hata hakushika chombo! Alipiga simu tu. Akaambia shangazi mmoja kwamba kanisani kuna nyasi ya ng'ombe, bure, na mwenye mundu aje na gunia. Huku kila mtu ana ng'ombe zizini na nyasi anaitafuta kandokando ya barabara. Hata chai haikuwa imepoa wakafika. Mama wengi! Migongo imeinama, miundu inalia shwa shwa. Wawili karibu wapigane juu ya kona ya nyuma ya choo. Kabla ya saa sita uwanja ulikuwa umenyolewa.

Shosho Ciakuthii alikuwa na magunia mengi kuliko wote. Akasema miaka yote hiyo wamekuwa wakiangalia ile mashine ikisaga nyasi nzuri kuwa vumbi. "Inakula chakula cha ng'ombe, na maziwa haitoi."

Mamake Kaari akauliza mbona pikipiki ya Padre haionekani.

Felicitas akamkumbatia Bundi. Bundi!

Jumapili, 17 Aprili

Harusi ilikuwa nzuri. Gauni halikupata kupe. Felicitas bado ananiita kwa jina, si ndugu. Mimi nilivaa shati la Baba la kahawia na kwenye kila picha niko nyuma ya nguzo ya hema.

Leo baada ya misa tulirudisha tinga stoo. Vijana wanasukuma. Kaari akaja kusaidia, upande wangu kabisa! Sketi yake ikanaswa na kile kichuma chekundu. Akakasirika, akakipiga teke, kikarudi ndani. Papo hapo tinga ikakwama, haisukumiki. Bundi akaketi juu, akawasha, akakanyaga pedali.

Ikaenda! Ikapanda mteremko wote bila kulia! Watu wakampigia Bundi makofi. Kwa nini Bundi?

Kaari akaniuliza tinga ilikuwa na shida gani. Nikakusanya nguvu zote. Nikasema, "Mafuta."

Neno la nne!

Na ni kweli. Nimelifikiria sana na sasa naelewa: mafuta mapya huhitaji kupumzika, kama unga wa chapati. Yalianza kupumzika Jumatano, leo yameamka. Hakuna aliyejua hilo, hata yule mzungu. Mimi ndiye fundi na makofi amepigiwa mwingine.

Padre aliniita pembeni. Akasema anashangaa, watu wanampongeza kwa pikipiki, na yeye ana ile pikapu yake ya zamani tu, ambayo hata gia zinaingia kwa kusukumana. Nikamwambia giaboksi ni kitu ninachokielewa. Alicheka, lakini hakusema hapana.

Nimenunua bando. Ile ndogo. Video ya giaboksi yenyewe inaonekana fupi.